Kasha la Sindano Lisilojaa

Simu ya dada ilinikuta ofisini nikila wali wa jana kwenye kibakuli cha plastiki. Dada yangu hapigi simu mchana. Mchana yuko Sugar Land anawaogesha na kuwavalisha wazee wa watu, na simu yake hukaa ndani ya mkoba mpaka atoke. Nikajua kuna jambo.

"Choo kimeziba," akasema.

Nikacheka. Mimi naishi Irving, pembeni mwa Dallas, yeye yuko Sharpstown, Houston, na kati yetu kuna safari ya basi inayomaliza nusu siku. Isitoshe, mimi ni mtu wa kompyuta, si fundi bomba. Nikamwambia awaone watu wa ofisi ya apatimenti.

"Fundi ameshakuja. Si choo chetu peke yake, ni jengo zima. Wamenitoa kazini. Ametoa vitu kwenye bomba, na sasa meneja amesimama hapa mlangoni ananiuliza nani kwenye hii nyumba ana-use drugs."

Vitu vyenyewe vilikuwa vifurushi vidogo vya kitambaa, kila kimoja kimefungwa uzi kwa fundo zuri, na ndani ya kila kifurushi mna sindano. Fundi alikuwa amevipanga juu ya boksi lililokunjuliwa pale kibarazani, kila apitaye avione. Dada alipokiona kitambaa akakitambua hapo hapo. Ilikuwa khanga kuukuu ya mama, ya zambarau, ambayo yeye alidhani imeshageuzwa matambara ya jikoni. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja Mkongo anayempenda sana dada, alichungulia akashika kifua.

"Ile haiko bure, dada," alisema. "Ile ni bulozi. Tunapashwa kuomba."

Kwa hiyo mchana mmoja tu nyumba ya dada yangu ilishakuwa ya wala unga na ya wachawi. Nilicheka tena, Mungu anisamehe. Dada hakucheka. Akaniuliza kama naona raha, akakata simu.

Mama ana kisukari. Anajidunga insulini asubuhi na jioni, na amefanya hivyo tangu kwetu Muheza, miaka mingi kabla dada hajamwombea kadi ya kijani. Kwetu kitu chenye makali au chenye damu ya mtu, iwe wembe, iwe sindano, hukifungi ovyo wala hukitupi ovyo. Unakiviringisha kwenye kitambaa, unakifunga uzi, unakitumbukiza chooni, na choo cha kwetu ni cha shimo. Lile shimo ni refu. Hakuna mtoto atakayeokota mle, hakuna kuku atakayeparua, na hakuna mwenye roho mbaya atakayeipata damu yako akaenda kuifanyia mambo. Mtu anayetupa wembe jalalani kwetu anahesabiwa mshenzi, na akikuchoma mguu mtoto wa mwenzake, wazee watamwita. Mama alifika Marekani, akaonyeshwa choo, akaendelea na ustaarabu wake. Kilichoziba bomba ni vile vitambaa. Angezitupa sindano tupu bila adabu, pengine zingepita zote hadi huko ziendako na hakuna ambaye angejua.

Dada alimwonyesha meneja kalamu za insulini, zile za kuchomekwa sindano mpya kila mara, kwenye friji, meneja akaelewa, au akajifanya kuelewa. Alichotaka ni kwamba isirudiwe. Mama muda wote huo alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi, anamsikiliza binti yake akijitetea kama aliyekamatwa sokoni. Siku chache baadaye akasema anataka kwenda kumtembelea mtoto wake wa Dallas.

Nilimpokea kituo cha basi. Alikuwa na begi moja, na mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo hakutaka nimpokee. Nilifurahi. Nilidhani ni visheti, maana mama yangu hasafiri bila kitu cha kumtia mtoto mdomoni. Tulipoingia barabara kubwa nikanyoosha mkono nionje.

"Acha," akasema. "Ni zangu hizo."

Zilikuwa sindano. Zote alizotumia tangu siku ya bomba alizitia mle, akasafiri nazo mapajani kutoka Houston mpaka Dallas, kwa sababu hakutaka kuziacha kwenye nyumba aliyoitia aibu, na hakujua pa kuzitupa pengine. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amelikumbatia lile kopo kwa mikono miwili, anaangalia magari.

"Mama, hilo ni jambo dogo," nikamwambia.

Na kweli nililiona dogo. Kazi yangu kila siku ni kuwaambia watu wazima wenye mashati mazuri kwamba tatizo lao ni dogo, wazime mashine kisha waiwashe. Nikasoma kidogo, nikakuta kwamba mji unaruhusu mtu kutia sindano zake kwenye chupa ngumu ya sabuni ya kufulia, akaifunga kwa utepe wa gundi, akaitupa pamoja na taka nyingine za nyumbani. Nikampelekea mama habari hiyo kama mtu aliyeleta nyama.

"Jalalani?" akauliza.

"Kwenye chupa, mama. Imefungwa."

"Lakini jalalani."

Nikaona habari ya chupa imekufa. Nikarudi kusoma, nikapata kingine: kasha jekundu la plastiki ngumu, lenye tundu juu linaloruhusu kitu kuingia na haliruhusu kutoka. Unaliagiza, linakuja kwa posta. Likijaa unalifunga, unalirudisha kwenye boksi lake, na posta inalichukua, maana nauli ya kurudi imo kwenye bei. Wenyewe wanakwenda kuliteketeza. Niliwaza: mambo si haya? Nikamwonyesha mama picha. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Hakuniuliza linakwenda wapi, nami sikumweleza, kwa sababu tayari nilikuwa na haraka ya kulilipia, na niliona nina njia ya kijanja.

Kila mwaka, kabla baridi haijaanza, ofisi yetu hututumia barua pepe ndefu za kuchagua bima, na mimi hubonyeza tu mpaka niambiwe nimemaliza. Mojawapo ya vitu ninavyobonyeza ni akaunti ya afya. Wanakata kitu kwenye mshahara kabla kodi haijaugusa, wanakiweka pembeni, nawe unapewa kadi ya kulipia matibabu. Ziko akaunti za namna mbili, herufi zake zinafanana kama Kulwa na Doto. Moja usipoitumia mwaka ukiisha imekwenda na maji. Nyingine inakusubiri mpaka uzeeni. Watu watatu ofisini wamenieleza tofauti, kila mmoja kwa upole kuliko mwenzake, na ukiniamsha ghafla sasa hivi siwezi kukuambia yangu ni ipi. Ninachojua ni kwamba kila Desemba nabanwa na hofu, nakimbilia duka la dawa kununua plasta na miwani. Mwaka uliotangulia nilinunua hata mafuta ya kuzuia jua, mimi niliyekulia Muheza bila kofia. Kadi ilikubali bila swali.

Ikakataa kasha la sindano.

Nikaingiza tarakimu upya, polepole. Ikakataa. Nikaacha kompyuta nikatumia simu, kama vile kadi ingeshindwa kunitambua huko. Ikakataa. Nilikasirika kwelikweli. Mafuta ya jua yalikuwa tiba, na sindano za mwenye kisukari si tiba? Nikapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, nikaweka spika maana nilikuwa nakaanga vitunguu, na mama alikuwa mezani nyuma yangu anachambua mchele, ingawa mchele wa Marekani hauna mawe na nilishamwambia hivyo.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mpole. Kwa Kiingereza chake cha taratibu akanieleza kwamba kutupa taka za matibabu kunakubalika kabisa kulipwa na akaunti yangu. Ila kampuni inayouza lile kasha haitambuliki kwenye mitambo yao kama duka la dawa, kwa hiyo kadi haiwezi kujua ninanunua nini. Nilipe mwenyewe kwanza, kisha niombe kurudishiwa. Nikamshukuru. Nilikuwa karibu kukata.

"Kasha ni lako mwenyewe?" akauliza.

"La mama yangu."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. "Je, mama yako ni mtegemezi wako?"

Nikasema sielewi. Sikuwa na jeuri, kweli sikuelewa. Akaniuliza anaishi na nani. Nikasema na dada yangu Houston, lakini sasa yuko kwangu. Mpaka lini? Sijui, ni mama, nitamuulizaje ataondoka lini? Je, ni nani anayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake? Nikaanza kuwaza kwa sauti. Dada anamlaza na kumlisha. Dawa nanunua mimi. Nguo anapelekewa na yeyote aliyeiona nzuri dukani. Mwezi ule gari la dada lilipokufa, nilibeba kila kitu mimi.

"Kwa hiyo wewe ni zaidi ya nusu, au chini ya nusu?"

"Nusu," nikasema. "Kama nusu hivi."

"Nusu haitoshi, bwana."

Vitunguu vikaanza kuungua. Nikajikuta nasema kwa Kiingereza, tena kwa sauti kubwa kama mtu anayeongea na kiziwi, kwamba mama yangu ni nusu yangu na nusu ya dada yangu, na kwamba pande zote mbili zinalingana. Mwanamke akasema anaelewa. Akanishauri nikaulize mtaalamu wa kodi. Nilipogeuka, mama alikuwa bado anachambua mchele, kichwa chini. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna mtoto wa Kitanzania mwenye akili anayelifanya. Nilimpigia dada nikamuuliza anatumia kiasi gani kwa mama.

"Umesema?"

"Kwa makisio tu. Kwa mwezi."

"Unahesabu ulichompa mama?"

"Sihesabu mimi, wanahesabu wao."

"Mimi nime-claim mama kwenye taxes zangu tangu aliposhuka kwenye ndege," akasema dada. "Yuko kwangu, analala kwangu, choo kimeziba kwangu. Leo umekaa naye wiki mbili, unataka uandikwe wewe ndiye unayemlea? Kwa ajili ya kopo la plastiki?"

"Si kopo, dada. Ni haki yangu. Hela yangu ile, imekaa pale mpaka ipotee?"

"Basi kaninunulie na mimi mafuta ya jua."

Tuligombana siku kadhaa, simu kwa simu. Ningeweza kulilipia kasha lile kwa hela ya mfukoni na nisiione imepungua, nalo ndilo nililolifanya mwishowe. Lakini nilishaishikia bango ile akaunti. Niliona kwamba kuna mahali mimi na serikali tumekubaliana juu ya jambo fulani, nami sikujua jambo lenyewe ni lipi, na ile hali ya kutokujua ilinikera kuliko gharama. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Sikukumbuka kuangalia nyasi zilikuwa wapi. Zilikuwa chumba cha pili, ukuta wa mbao nyembamba, na mimi naongea na simu kwa spika.

Kasha likaja. Mama alilipokea kwa heshima, akaliweka kwenye kimeza karibu na kitanda, akalifunika kwa kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Kwanza alizihamishia mle sindano za kwenye kopo, moja moja. Nikamwambia, "Likijaa niambie tu, nitawapigia tena." Akasema, "Sawa, mwanangu."

Nilituma maombi yangu ya kurudishiwa. Wakajibu kwamba wanahitaji maelezo zaidi kuhusu mtegemezi. Nikatuma maelezo zaidi. Wakajibu kwamba wameyapokea maelezo na wanahitaji maelezo zaidi. Nilizisoma barua pepe zile mara nyingi nikitafuta tofauti kati ya ya kwanza na ya pili.

Mara moja moja, nikimpelekea mama chai chumbani, nilifunua kile kitambaa nikalitikisa kasha. Halikuwa likijaa. Niliona limetengenezwa vizuri. Nakumbuka hata nililisifu mbele yake, nikasema Wamarekani wanajua kutengeneza vitu, tazama linavyomeza. Mama akatabasamu.

Alikuwa anakunywa maji mengi. Niliona ni joto la Texas na ile hewa kavu ya kiyoyozi. Alikuwa anaamka mara kwa mara kwenda msalani, nami nikaona ni hayo maji. Alipungua mwili, magauni yakawa yanampwaya, nikamwambia amependeza, maana ofisini kwetu mtu akipungua anapongezwa. Alisinzia sebuleni mchana kutwa siku za Jumamosi. Nikasema anawakosa wenzake wa kanisani Houston. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake, na maelezo yote nilikuwa nayo mimi.

Siku moja nilirudi mapema kutoka kazini, jua bado kali, nikamkuta amekaa sakafuni jikoni ameegemea friji. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama akaniita kwa jina la marehemu kaka yake.

Sikumbuki nilivyopiga simu ya dharura. Nakumbuka nilivyokuwa najibu maswali hospitali. Daktari kijana aliniuliza kama anatumia insulini yake. Nikamwambia ndiyo, kila siku, asubuhi na jioni, analo na kasha maalumu. Akaniuliza kama nina hakika. Nilikasirika. Nikamwambia mama yangu alikuwa mwalimu, hakosi dawa. Akasema sukari yake imepanda kupita kiasi cha mashine yao kusoma, na kwamba nikamletee dawa zake zote azione.

Nikaendesha kurudi nyumbani. Nilifungua friji. Kalamu za insulini zilikuwa pale kwenye sehemu ya mayai, karibu zote hazijafunguliwa. Nikazitazama nisielewe. Nikaenda chumbani, nikafunua kitambaa, nikalinyanyua lile kasha jekundu nikalitikisa sikioni. Ndani zilicheza zile zile alizokuja nazo kwenye kopo la maziwa, na nyingine chache. Nilikaa kitandani kwake nalo mapajani. Niliogopa sana. Nilikuwa nimelitikisa lile kasha wiki baada ya wiki, na kila nilipolitikisa lilikuwa likiniambia kitu, nami nikalisifia plastiki.

Dada alifika kutoka Houston na nguo za kazi, hakupita hata kubadilisha. Mama alikuwa ameshatundikiwa maji na akili imemrudia. Tulikaa, mmoja huku mmoja huku, na kitanda katikati. Mimi na dada tulikuwa hatujasalimiana vizuri tangu ugomvi.

"Mama, kwa nini hukujidunga?" dada akauliza.

"Nilijidunga."

"Mama."

"Nilijidunga siku nikisikia vibaya." Alikuwa analikunja na kulikunjua pindo la shuka. Kisha akanigeukia mimi. "Si ulisema likijaa utawapigia tena?"

"Nilisema, ndiyo."

"Basi nikaona lisijae."

Sikuelewa bado. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mama yangu alikuwa amenieleza kila kitu, na mimi nilikuwa nimekaa pale na uso wa mtu anayesubiri aelezwe. Mama akaliona hilo. Akaongea taratibu, kama alivyokuwa akiongea na watoto wa nyuma ya darasa.

"Ile simu sikuipenda. Unapiga, yule mwanamke anakuuliza mimi ni wa nani. Wewe hujui. Ukitoka hapo unampigia mwenzako, mnatukanana. Nikasema, kumbe ni hili kopo. Likijaa, itapigwa simu nyingine, atauliza tena, mtatukanana tena. Na chooni siwezi kutupa, na jalalani siwezi. Sasa nifanyeje? Nikapunguza sindano."

"Mama, hatukuwa tunagombana juu yako," nikasema.

"Nilisikia. Nusu, nusu. Kiingereza changu kidogo, lakini *half* naijua, nimeifundisha darasa la tatu kwa machungwa." Akaacha lile pindo. "Nimewazaa wawili. Hakuna hata mmoja niliyemlea nusu."

Dada aliinuka akaenda dirishani akatupa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mimi nilibaki na aibu ambayo sikujua niiweke wapi. Nilitaka kumweleza kwamba ni kanuni, kwamba nusu ile ni ya kodi tu. Nikamshika mguu juu ya blanketi.

Baada ya muda mama akauliza, "Na hilo kasha likijaa, linakwenda wapi?"

"Wanalichoma, mama. Wana tanuru. Linakuwa majivu."

"Lote?"

"Lote."

"Hakuna anayelifungua kwanza akaangalia?"

"Hakuna. Hairuhusiwi."

Akanitazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yale aliyokuwa akinitazamia nilipokuwa nikipata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi. "Basi si wana shimo," akasema. "Mngeniambia tangu mwanzo kwamba wana shimo."

Dada alicheka pale dirishani huku analia. Nami nikacheka, na safari hii hakuna aliyeniuliza kama naona raha.

Mama hakurudi Houston. Daktari alitaka awe karibu, na dada mwenyewe alisema zamu za Sugar Land zimemzidi. Mtu anayemtengenezea dada hesabu za kodi akamweleza jambo ambalo sisi wawili tungeweza kuliuliza kabla ya kuvunjiana heshima, maana kuuliza si ujinga: kwamba watoto wakisaidiana kumtunza mzazi, wanaweza kukubaliana mmoja wao aandikwe, na wengine wakasaini kwamba wameridhia. Kumbe wapo watu kama sisi, wameshawahi kuwasumbua hawa wenye kodi. Dada akasema ataniachia mimi mwaka huu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye akaunti ya ajabu. Alisema kwa kejeli, lakini alisaini. Kuhusu yale maombi yangu ya kwanza, sijui yaliishia wapi. Kuna siku hela fulani iliingia benki bila maelezo, nikaogopa kuuliza ni ya nini.

Lile kasha la kwanza likajaa kwa haraka kuliko nilivyotegemea. Mama mwenyewe alilifunga, akalitia kwenye boksi lake, na hakukubali niliache tu nje mlangoni. Alisubiri kibarazani mpaka mtu wa posta alipokuja, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mtu wa posta akamshukuru sana. Nadhani alifikiri ni keki.

Kasha la pili lilipofika nikajua simu ile ya kuomba kurudishiwa haikwepeki. Nikamwambia mama nakwenda kupiga nje, kwenye gari.

"Piga hapa," akasema. Akavuta kiti akakaa kando yangu. "Weka ile sauti."

Nikaweka spika. Alikuwa mwanamke mwingine, au yule yule, siwezi kuwatofautisha. Maswali yalikuwa yale yale. Kasha ni la nani? La mama yangu. Anaishi nawe? Ndiyo. Kuna mwingine anayesaidia? Dada yangu, ameshasaini. Kisha akafika pale pale.

"Je, mama yako ni mtegemezi wako?"

Nikamgeukia mama. Sikuwahi kumtafsiria lile neno, na sasa nikalazimika. Nikamwambia anauliza kama wewe unanitegemea mimi.

Mama alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la maana.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Mwambie na nyinyi mmenitegemea, lakini hilo si la kwenye simu yake. Na akiuliza tena habari ya nusu, mwambie mama ni mmoja."

Nikamtafsiria yule mwanamke yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza kibaya. Akasema anashukuru sana, lakini kwenye kompyuta yake mna ndiyo na hapana tu.

"Ndiyo," nikasema.

Nikasikia anaandika. Mama akainuka, akaenda chumbani kwake, maana saa yake ya jioni ilikuwa imefika. Nikapunguza sauti ya simu nikasikiliza. Kasha lilikuwa jipya, bado tupu, na sindano iligonga chini.